Imezimwa, Imezimika au Imejizima?

Hoja iliyo mezani mwa chama chetu ni fupi. Kompyuta ya mezani iliyo katika chumba cha chama hapa Umbilo ni mbovu, inakatika ovyo katikati ya kazi, kwa hiyo kila mwanachama atoe mchango inunuliwe nyingine kabla ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ili jarida litoke kwa wakati. Sisi tunaoandika makala hii tunaipinga hoja hiyo. Hatusemi kwamba mashine ni nzima. Tunasema kwamba hadi leo hakuna aliyeeleza inafanya nini hasa. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinataka kutoa fedha kutibu ugonjwa ambao hakijautaja kwa kitenzi chake.

Sikilizeni tunavyozungumza. Mmoja husema kompyuta "imezima", mwingine "imezimwa", wa tatu "imezimika", wa nne "imejizima". Katika maongezi ya kawaida hakuna ubaya, na hatutaki kuwa askari wa lugha. Lakini tumefundishwa kwamba mzizi -zim- ukibadilishiwa viambishi hubeba madai tofauti. "Imezimwa" ni kauli ya kutendwa: mtenda yupo, hata kama hakutajwa. "Imezimika" ni kauli ya kutendeka: hali imetokea na hatumtafuti mtenda. "Imejizima" ina kirejeshi ji-: mtenda na mtendwa ni mmoja. Madai hayo matatu yanalingana na makundi matatu ya hitilafu ambayo fundi yeyote wa kompyuta huanza nayo. Sarufi imetufanyia nusu ya kazi, nasi hatuitumii.

Kutoitumia kumeshaleta madhara. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza ndiye aliyekuwa kwenye kiti mara mbili mfululizo kompyuta ilipokata, na kurasa za mashairi zikapotea. Baadhi ya wanachama waliuliza, "Imezimwa na nani?" Swali lenyewe lilikuwa hukumu, kwa sababu kauli ya kutendwa ilishadai kwamba yupo mtu. Mwenzetu huyo sasa haji kwenye chumba cha chama. Kununua mashine mpya hakutamrudisha. Kujua kilichotokea huenda kukamrudisha, na kwa hiyo tunaomba uchunguzi ufanyike kabla ya mchango.

Tuanze na kuzimwa. Kompyuta inaweza kuzimwa na mtu, na pia na programu. Windows huizima au kuiwasha upya ili kumalizia masasisho, na hufanya hivyo kwa adabu: kwenye kioo hutokea maneno ya kuaga, programu zikafungwa moja baada ya nyingine. Zaidi ya hayo huandika. Andika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua kumbukumbu za mfumo, tafuta tukio namba 1074. Hapo utakuta jina la programu au la mtumiaji aliyeagiza kuzima, pamoja na saa. Kama saa ile kuna 41 au 6008 badala ya 1074, maana yake kompyuta ilikata bila kuagwa: Windows yenyewe ilishtukizwa, ikajua ilipowashwa tena. Tukio namba 41 halitaji sababu, na wengi hulisoma vibaya wakidhani limeitaja. Ila ndani yake kuna tarakimu iitwayo BugcheckCode. Ikiwa si sifuri, ilitangulia ile skrini ya buluu, na mshukiwa ni kiendeshi cha kifaa au kumbukumbu ya RAM. Ikiwa ni sifuri, mara nyingi umeme ulikatika au mashine iliganda.

Kuna pia kitenzi cha nne ambacho watu hukisahau: imelala. Ukiiacha dakika kadhaa bila kuigusa, kioo huwa cheusi. Ukibonyeza kitufe na kazi yako ikarudi ilivyokuwa, hakuna kilichoharibika. Badilisha muda wa kulala kwenye mipangilio.

Kuzimika ni habari ya umeme. Hapa kila mtu ana msemo wake. Watanzania husema umeme umekatika, Wakenya stima imepotea, na majirani zetu Wazulu husema ugesi uhambile, yaani umeme umekwenda. Hakuna kati yao anayemtafuta mtu. Mgao wa umeme uliiumiza nchi hii kuanzia 2007 na 2008, na mwaka 2023 ulikuwa mbaya kuliko miaka yote iliyoutangulia, kwa hiyo tumezoea kuutwika kila lawama. Lakini mgao ulisitishwa mwishoni mwa Machi 2024, na uliporudi 2025 ulikuwa wa siku chache chache. Kompyuta ya mezani ikikata huku taa ya chumba inawaka, mgao hauhusiki. Tafuta kati ya ukuta na mashine.

Na hapo kuna jambo linalotuhusu sisi tuliotoka kaskazini. Plagi za Kenya na Tanzania zina pini tatu bapa. Soketi za Afrika Kusini zinataka pini tatu nene za duara. Wengi wetu tulikuja na vyombo vyetu pamoja na adapta. Adapta ikilegea, mguu ukigusa waya chini ya meza unatosha kukata umeme kwa nukta moja, na kompyuta ya mezani haina betri ya kuivusha nukta hiyo. Kwenye laptopu usingejua. Waya wa umeme wa kompyuta ya mezani huchomoka, na mara nyingi ni aina ileile inayotumiwa na kioo chake. Zima vyote viwili, badilishana nyaya, uone ugonjwa unahama au unabaki. Kisha chomeka moja kwa moja ukutani, bila adapta na bila ule waya wa nyongeza wenye matundu sita unaobeba pia birika la chai. Majaribio hayo mawili hayagharimu hata senti.

Ukuta ukiwa salama na waya ukiwa salama, anayefuata ni pawasaplai, lile boksi la chuma linaloupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Pawasaplai iliyochoka huweza kufaulu kazi nyepesi na kushindwa kazi nzito: unaandika barua saa nzima salama, unafungua picha kubwa za jalada, inakata. Dawa ni kuazima nyingine inayojulikana ni nzima, kuifunga na kusubiri. Boksi lenyewe lisifunguliwe na mwanachama yeyote, hata kama limechomolewa ukutani. Kapasita zake huweza kubaki na chaji ya kuumiza.

Sasa kujizima. Prosesa ina kipima joto ndani yake. Joto likipanda, kwanza hupunguza kasi. Likizidi kupanda na kuvuka ukomo, ambao kwa prosesa nyingi uko karibu na nyuzi 100 za selsiasi, mashine hujikata ili isiungue. Huo si ubovu wa kompyuta. Ni kompyuta inayojiokoa, na kinachougua ni njia ya kutolea joto. Umbilo inawafaa sana wagonjwa wa aina hii. Tuko chini ya kilima cha Howard College, karibu na bandari, malori yanapita mchana kutwa, na hewa ya Durban ina joto na unyevu kuanzia Desemba hadi Machi. Vumbi likichanganyika na unyevu hugeuka kuwa kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kupozea. Chini ya feni kuna pia ute wa kupitishia joto, ambao hukauka kadiri miaka inavyopita.

Dalili za kujizima zina mpangilio. Mara ya kwanza mashine hudumu, tuseme, dakika 40. Ukiiwasha papo hapo hudumu 10, kwa kuwa bado ni moto. Ukiiacha saa nzima, hudumu 40 tena. Aliyezimika kwa waya uliolegea hana ratiba ya namna hiyo. Kipimo kingine ni kuingia kwenye ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio inayotangulia Windows, na kuiacha pale. Mashine nyingi huonyesha hapo joto la prosesa na mwendo wa feni. Ikikata ikiwa pale, Windows imeachiwa huru bila kesi. Matibabu ni kuichomoa, kufungua ubavu wake, kuishika feni kwa kidole isizunguke na kupuliza vumbi kwa hewa ya kopo.

Tusisahau kitufe cha kuwashia. Ukikishikilia kwa takriban sekunde nne, mashine nyingi hukata papo hapo, ndivyo zilivyoundwa. Kitufe kilichonata kwa uchafu hufanya hivyo bila kidole cha mtu. Kwa macho ya mtazamaji imejizima. Kwa macho ya mashine imezimwa. Hapo hata vitenzi vyetu vinahitaji ushahidi.

Tunajua majibu yatakayotolewa. La kwanza: haya ni mambo ya fundi, mwiteni. Tunakubali aitwe, na katika mji huu wapo wengi wanaozungumza Kiswahili, wakiwemo waliotoka Kongo. Lakini fundi naye huanza kwa kuuliza: inakata lini, ikifanya nini, baada ya muda gani, inawaka tena au inagoma? Anayejibu "inazima tu" hulipia saa za kubahatisha. Anayefika na daftari hulipia matengenezo.

La pili lina uzito zaidi: muda ni mfupi, na jarida likichelewa tutaaibika. Ni kweli. Ndiyo maana hatua ya kwanza tunayopendekeza si ya uchunguzi. Leo hii faili zote za jarida zinakiliwe kwenye diski ya nje na kwenye simu za wanachama wawili, kwa sababu kila kukata kwa ghafla kunaweza kuharibu faili iliyokuwa ikiandikwa. Jarida likishakuwa salama, linaweza kupangwa kwenye laptopu yoyote, na haraka ya kununua inaisha yenyewe.

Hatua ya pili ni daftari kando ya kompyuta kwa muda wa wiki mbili. Kila ikikata, aliyepo aandike saa, kazi aliyokuwa akifanya, kama taa ya chumba iliwaka, kama kioo kilisema lolote, na kama ilikubali kuwaka papo hapo. Aandike kwa Kiswahili, na achague kitenzi chake kwa makusudi. Hatua ya tatu ni majaribio kwa kufuata gharama, ya bure kwanza: waya, soketi, vumbi, kitufe, kisha pawasaplai ya kuazima. Jambo moja kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha matatu kwa pamoja na ikapona, hujui kilichoiponya.

Baada ya wiki hizo mbili, daftari likionyesha kwamba mazabodi imekufa, sisi tutakuwa wa kwanza kutoa mchango. Likionyesha kwamba kosa ni adapta, chama kitakuwa kimeokoa fedha za wanachama ambao baadhi yao bado wanadaiwa kodi ya chumba. Kwa vyovyote vile, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo tungependa uandikwe na yule mwenzetu wa mwaka wa kwanza, na aombwe kuja na chama chenyewe, kwa barua.