Mashua ya Upepo



Juma hili tuongee juu ya chombo cha kuvulia samaki ambacho si mtumbwi wa gogo, wala si mashua ya mbao. Ni mashua ya upepo. Wavuvi wengi wa mito ya Marekani, hasa katika majimbo ya Montana na Idaho, wanayo. Lakini kuwa nayo ni jambo moja, na kuitunza ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo tutakalolitazama leo.

Namna yake ni hii. Kuna mirija miwili minene, mirefu kiasi cha meta 2 na nusu, iliyojazwa upepo kwa pampu. Juu yake kimefungwa kiunzi cha chuma au cha aluminiamu, na juu ya kiunzi kuna kiti cha mtu mmoja. Mvuvi huketi hapo na makasia yake mawili, na fimbo ya kuvulia kando yake. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika hawatashangaa, kwa maana wao pia hufunga mashua mbili pamoja kwa miti, ili chombo kisipinduke upesi. Akili ni ileile. Ila huku kinachoelea ni mbao, na kule ni upepo uliofungiwa ndani ya ngozi nyembamba.

Faida yake ni kubwa. Mtu mmoja aweza kuibeba. Hupita penye maji machache. Jioni mwenyewe hufungua upepo, akaikunja, akaitia garini, akaenda zake.

Basi, hatari iko wapi? Sikilizeni habari hii ya kweli. Mwaka 1843, mwezi wa Septemba, afisa mmoja wa jeshi la Marekani, jina lake John C. Frémont, alifika penye Ziwa Kuu la Chumvi. Alikuwa na mashua ya mpira ya kujazwa upepo. Wenye kuitengeneza walikuwa wamefanya haraka: viungo vyake walivibandika kwa gundi tu, hawakuvishona. Frémont na wenzake wanne waliingia ziwani kwenda kisiwani. Walipokuwa mbali na pwani, viungo vilianza kuachia, na upepo ukatoka. Ikawa lazima mtu mmoja avukute mivukuto bila kupumzika, ili wasizame. Walifika salama, na kesho yake wakarudi salama, lakini maisha ya watu watano yalikuwa yametegemea gundi iliyopakwa kwa haraka. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Majini hakuna hata nafasi ya kujenga ukuta.

Kwa hiyo mwenye mashua ya namna hii ashike mambo haya.

Kwanza, kila mara kabla ya kuingia majini aijaze upepo, apake maji ya sabuni penye viungo na penye vali. Povu likichemka, hapo pana tundu. Akaushe, asafishe, akwaruze kidogo, abandike kiraka kama cha baisikeli, kisha angoje gundi ikauke kabisa. Samaki wa kesho ni bora kuliko mazishi ya leo.

Pili, ajihadhari na jua. Mwanafunzi wa shule anajua kwamba upepo ukipata joto hutanuka. Mashua iliyojazwa sana, ikiachwa juani pwani, yaweza kupasuka. Basi akitoka majini apunguze upepo, na akirudi kwenye maji ya baridi auongeze.

Tatu, kisu na ndoana vikae ndani ya ala au sanduku, na miiba ya samaki isiguse mirija. Mchanga nao usikae kati ya kiunzi na mpira, maana husaga polepole bila kelele.

Nne, asiikunje ikiwa mbichi, wala asiiweke mahali penye panya.

Tano, avae koti la kuelea. Alivae mwilini, asilikalie kama mto. Tena akumbuke kwamba chombo chepesi husukumwa upesi na upepo. Kilitengenezwa kwa mito na maji matulivu. Katika Ziwa Tanganyika, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Huko si mahali pake.

Labda baba mmoja atasema: «Kazi zote hizi kwa ajili ya kitu cha kuchezea majini!» Sivyo, rafiki. Jioni watoto wanaposimama pwani wakitazama maji, wanamngoja baba yao kwanza, na samaki baadaye. Dakika kumi za maji ya sabuni si bei kubwa ya kumrudisha nyumbani.