Eti Mambo ya Muhimbili Hayatuhusu?

Mitihani imebana, ila hii lazima niiseme.

Kuna maneno nayasikia hapa kampasi, na nyumbani Bilele yapo pia: "Hizo tiba za kuongozwa na picha ni za watu wa Dar, sisi wa Bukoba zinatuhusu nini?" Huo ni uvivu wa kufikiri, samahani kwa atakayekasirika.

Nasomea ualimu, siyo udaktari, kwa hiyo naeleza kama niko mbele ya kidato cha pili. Ini linapata damu kwa mabomba mawili. Karibu robo tatu inaletwa na vena inayotoka kwenye utumbo, inayobaki inaletwa na ateri. Sasa saratani inayoanzia kwenye ini inakula karibu yote kutoka kwenye ateri. Hapo ndipo madaktari walipopata upenyo. Wanapitisha mrija mwembamba, katheta, kwenye mshipa wa kinenani au wa mkononi, huku wakiufuata kwenye skrini ya eksirei, mpaka kwenye kitawi kinacholisha uvimbe. Wanamwaga dawa, kisha wanaziba. Uvimbe unashinda njaa, ini linaendelea kuishi kwa bomba la pili. Mwaka 2002 tafiti za Barcelona na Hong Kong zilionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri wanaongezewa muda wa kuishi.

Na siyo mambo ya Ulaya tu. Muhimbili walianza mafunzo ya tiba radiolojia mwaka 2018 wakishirikiana na madaktari wa Yale, Marekani. Leo Watanzania wenyewe wanashika hizo katheta.

Tatizo liko wapi? Uvimbe ukishaziba vena kubwa, au macho yakishakuwa ya njano na tumbo limejaa maji, mara nyingi tiba hii haifai tena. Mtu wa Bilele anasafirishwa karibu km 1,400, ukoo mzima umechangishana, anafika anaambiwa muda umepita. Na muda tuliumaliza wenyewe: mwezi wa kwanza "karogwa", wa pili miti shamba, wa tatu ndiyo hospitali.

Kwa hiyo nasema hivi: picha ya kwanza isiwe ya Dar, iwe ultrasaundi ya hapa hapa. Mwenye ini lenye makovu, au homa ya ini B sugu aliye kwenye hatari, anatakiwa kupigwa kila miezi 6. Wanasiasa wakija kuzindua mashine tusiishie kupiga makofi. Tuwaulize: nani anaisoma hiyo picha, na mama muuza ndizi analipa shilingi ngapi?

Chanjo ya homa ya ini B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002. Sisi wa rika hili wengi tumeipata, wazazi wetu hawakuipata. Waitu, mpelekeni mzee akapime damu wakati bado anakula ndizi zake kwa raha.

Nawasilisha.