Wachache Walipolazimika Kuketi Mezani

Ndugu zetu wa Landless hutuuliza, hasa baada ya ibada ya Jumapili, iwapo ni halali serikali yenye wabunge wachache kutawala. Jibu la kisheria ni fupi: ni halali. Swali zito ni hili: nani huwalazimisha wachache hao kuwasikiliza wengi?

Tukumbuke mwaka 1992. Rais Moi alirudi Ikulu kwa asilimia 36 tu ya kura. Wengi wetu hapa Thika tulimpa Matiba, wengine Kibaki, wengine Odinga, tukagawanyika, tukashindwa. Bungeni KANU ilipata viti 100 kati ya 188, na Rais akateua wabunge 12 zaidi. Huo ulikuwa uchache wa kura uliovikwa joho la wingi wa viti, nao haukuhitaji kumbembeleza mtu.

Mwaka 2008 hali ilikuwa kinyume. Rais Kibaki aliapishwa hali PNU ina viti 43 na ODM 99. Hata alipoungana na Kalonzo Musyoka, hesabu haikutosha: tarehe 15 Januari, Kenneth Marende wa ODM alichaguliwa Spika kwa kura 105 dhidi ya 101 za Francis ole Kaparo. Kifungu cha 59 cha Katiba ya zamani kilieleza kwamba wabunge walio wengi wakitangaza kutokuwa na imani na Serikali, Rais ajiuzulu au avunje Bunge katika siku tatu. Nani angethubutu kuirudisha kwenye uchaguzi nchi inayowaka moto? Hatusemi hesabu pekee ndiyo iliyoleta mapatano ya tarehe 28 Februari. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika machafuko yale, na Kofi Annan alifanya kazi kubwa. Lakini serikali yenye wingi wake Bungeni ingalikuwa na sababu chache za kuketi mezani.

Mapatano nayo yalizaa mawaziri wapatao 40 na Bunge lisilo na upinzani wa maana. (Tulishangilia, hatukuuliza gharama.)

Katiba ya 2010 iliiondoa kura ile ya kutokuwa na imani na Serikali nzima. Rais hung'olewa kwa theluthi mbili za Mabunge yote mawili, jambo gumu mno. Silaha ya kila siku iliyobaki mikononi mwa wabunge ni fedha: makadirio na miswada ya kodi. Basi mbunge ajapo kanisani na bahasha yake, kabla hajaifungua tumwulize alipigaje kura.