SISIMIZI NAYE ANASTAHILI JINA

Hapa Visiwani tumezoea kuhesabu mali yetu kwa magunia ya karafuu na maelfu ya nazi. Katika misitu tumejifunza pia kumhesabu kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, na vyema tumefanya. Lakini wapo wakaazi wengine wa msitu ambao ni nadra kutajwa katika taarifa za maofisini. Hao ni sisimizi wadogo waishio chini ya tandiko la majani makavu, pale mguu wa mpita njia unapokanyaga bila ya kuangalia.

Pengine msomaji atauliza: nchi yenye haja ya madarasa, visima na dawa ina shughuli gani na sisimizi? Swali hilo ni la haki, na halina budi kujibiwa kwa hoja wala si kwa kejeli. Wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Tandiko la majani ndilo linalorutubisha udongo wa msitu. Majani huoza, wadudu huyasaga, na mizizi hupata chakula chake. Sisimizi wa humo huwinda wadudu wengine, huuchimba udongo ukapata hewa, na baadhi yao huchukua mbegu kutoka mahali hadi mahali. Wengi hawafiki urefu wa punje ya mchele, na wako wasio na macho kabisa, kwani maisha yao hupita gizani. Kwa sababu hiyo aina moja yaweza kuishi karibu na mji mkubwa kwa karne nyingi pasi na mtu kuitambua.

Mfano ulio mashuhuri unatoka Brazil. Mwaka 1998 mtaalamu Manfred Verhaagh alipata sisimizi wawili wa ajabu katika udongo wa msitu karibu na mji wa Manaus, katika bonde la Amazon. Kwa bahati mbaya vielelezo hivyo viliharibika kabla ya kuchunguzwa kikamilifu, na jambo lenyewe likabaki kuwa habari isiyo na ushahidi. Ilibidi kungoja miaka mitano. Mwezi wa Mei 2003, Christian Rabeling alimwona mmoja akitembea juu ya majani makavu wakati wa magharibi. Alikuwa mmoja tu, wa rangi hafifu, urefu wake kati ya milimita 2 na 3, hana macho, na taya zake ndefu mfano wa koleo. Umbo lake na chembe zake za urithi zilichunguzwa, ikadhihirika kwamba hakuwa wa mlango wowote uliojulikana katika ukoo mzima wa sisimizi. Mwaka 2008 Rabeling, Verhaagh na Jeremy Brown walimtangaza kwa jina la Martialis heureka, yaani wa sayari ya Mirihi, aliyepatikana baada ya kutafutwa. Tangu mwaka 1923 haukuwa umegunduliwa mlango mpya wa sisimizi walio hai.

Katika habari hiyo mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kuona peke yake hakutoshi. Sisimizi wawili wa mwaka 1998 walionekana, lakini kwa kuwa hawakuhifadhika, elimu haikuweza kuwategemea. La pili ni kwamba neno "nadra" si la kutamkwa ovyo. Mdudu aweza kuwa nadra kwa kuwa ni wachache kweli, na aweza kuonekana nadra kwa kuwa hapana aliyemtafuta. Anayetaka kupambanua baina ya mambo hayo mawili hana budi kutafuta kwa utaratibu.

Utaratibu huo si wa siri, wala hauhitaji mitambo ya mamilioni. Hupimwa eneo la mita moja ya mraba, majani yake yakakusanywa na kuchekechwa katika chekecheke, kisha yale yaliyopita yakatundikwa ndani ya mfuko wa kitambaa kwa saa 48. Yanapokauka, wadudu hushuka wenyewe wakaangukia katika chombo chenye spiriti. Njia inayokubalika na wataalamu wengi ni kuchukua sampuli 20 za namna hiyo katika mstari wa mita 200. Baadaye kila sisimizi hugandishwa kwenye ncha ya kikaratasi, huchomekwa pini, huandikiwa mahali na tarehe alipopatikana, kisha hutazamwa kwa hadubini. Huhesabiwa pingili za vipapasio vyake, hupimwa upana wa kichwa chake, hutazamwa meno ya taya na nywele za mgongo, naye hulinganishwa na ndugu zake waliokwisha kupewa majina. Akionekana hafanani na yeyote, huandikiwa maelezo na kuchapishwa, na mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha jina. Huyo ndiye shahidi ambaye watu wote wa baadaye watamrejea panapotokea ubishi.

Basi tujiulize, mashahidi wetu wako wapi? Vielelezo vingi vya Afrika Mashariki vilivyokusanywa katika enzi ya ukoloni vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya. Hata kima punju wetu, katika vitabu vya elimu, anabeba jina la John Kirk, Mwingereza aliyetumikia ubalozi wa nchi yake hapa Unguja. Hatusemi majina hayo yafutwe, kwani sheria ya elimu hiyo hairuhusu, wala kufuta hakuongezi maarifa. Tunasema kwamba kijana wa Makunduchi au wa Konde anayetaka kujifunza wadudu wa kwao asilazimike kuvuka bahari ili awaone.

Wala tusidhani kwamba kumtambua sisimizi ni pambo la wasomi. Historia ya minazi yetu inashuhudia kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu M. J. Way alichunguza hapa Zanzibar sababu ya nazi changa kupukutika. Mharibifu alikuwa mdudu anayefyonza vidaka, ambaye mwaka 1955 alipewa jina la Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya mtaalamu huyo. Ilionekana kwamba mnazi wenye maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, ulikuwa salama zaidi. Lakini maji moto hufukuzwa na sisimizi wengine watagao viota ardhini, miongoni mwao yule mwenye kichwa kikubwa aitwaye Pheidole megacephala. Kwa mtu asiyejua kupambanua, hao wote ni sisimizi tu, nao wote wapaswa kunyunyiziwa dawa. Kwa anayejua, mmoja ni mlinzi wa riziki yake na mwingine ni adui wa mlinzi huyo.

Na huyo mwenye kichwa kikubwa haishii minazini. Ni miongoni mwa wavamizi wabaya kabisa duniani, na kila anapojaa huwaondoa sisimizi wenyeji wa tandiko la majani. Huko Laikipia nchini Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba aliwaua sisimizi wanaoilinda migunga, tembo wakaivunja miti hiyo, na simba wakakosa pa kujificha wanapowinda punda milia. Ikiwa sisimizi mmoja aweza kubadili mawindo ya simba, ni nani atakayeapa kwamba hakuna aliyekwisha kutoweka chini ya majani ya Jozani, Ngezi au Masingini? Msiba wa kutokuwa na orodha ni huo: mtu hufiwa asijue kama amefiwa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu kwa wanaohusika. Kwanza, pawe na chumba cha vielelezo vya wadudu wa Visiwani, kikavu, chenye makabati yasiyopenya mende, na mtu anayewajibika nacho. Kila mtafiti mgeni apewaye kibali aache humo sehemu ya vielelezo vyake, na afundishe angalau kijana mmoja kazi hiyo. Pili, wenye dhamana ya misitu walihesabu tandiko la majani kuwa sehemu ya msitu. Kuulinda mti huku majani yaliyo chini yake yakikwanguliwa na kuchomwa ni kuihifadhi nyumba na kuuza msingi wake. Tatu, miche inayosafirishwa pamoja na udongo wake baina ya Unguja, Pemba na visiwa vidogo ikaguliwe, kwani mvamizi hupanda jahazi bila ya kukata tikiti.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mkulima aliyemjua maji moto kabla ya vitabu kumwandika ni mwalimu, na mtaalamu mwenye busara humsikiliza kwanza. Walimu wa skuli wanaweza kuwapeleka watoto pembezoni mwa msitu wakiwa na chekecheke na shuka jeupe, wakajionea wenyewe. Watoto hao wamekwisha kusoma chuoni kwamba sura ya 27 ya Kurani Tukufu inaitwa kwa jina la sisimizi, basi hawatashangaa kuambiwa kwamba kiumbe huyo anastahili kuangaliwa.

Kujitawala ni pamoja na kujua kilichomo ndani ya nchi yako. Tumechora ramani ya mipaka yetu na tumeandika majina ya vijiji vyetu. Kazi iliyobaki ni kuwaandika wale wanaoishi chini ya majani yake, na kuwahifadhi hapa hapa, kabla hawajatutoka.