Mbiu ya Mwili Inapozimwa

Sisi wa mjini hukutana na mbuzi akiwa tayari amening'inia buchani. Juma hili hebu tufuate nyayo zake hadi Hulugho, mji mdogo wa Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia. Huko mifugo ndiyo akiba, ndiyo karo, ndiyo maziwa ya mtoto.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa ilifurika Ijara, wilaya ambayo Hulugho ilikuwa ndani yake wakati huo. Mayai ambayo mbu walikuwa wametaga ardhini miaka mingi nyuma yakaanguliwa kwa wingi. Mifugo ikaanza kutoa mimba na kufa. Kisha watu wakashikwa na homa, na baadhi yao wakatokwa damu. Wafugaji Wasomali waliujua ugonjwa huo kwa jina la sandik. Madaktari huuita Homa ya Bonde la Ufa, kwa kuwa kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1931, baada ya vifo vya kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Hadi Machi 12, 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya. Kati yao, 155 walikuwa wamefariki.

Swali ni hili: kirusi chenye vipande vitatu tu vya urithi humshindaje binadamu mwenye maelfu ya jeni?

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwili nao una mbiu yake. Virusi vikiingia ndani ya seli, seli hiyo hutoa protini iitwayo intaferoni, ambayo huzionya seli jirani zijifungie milango. Lakini intaferoni haitoki hivi hivi. Jeni yake hukaa kimya katika kiini cha seli, na mbele yake kuna sehemu iitwayo promota. Promota ni kama swichi ya taa. Protini maalumu zikikaa juu yake, jeni husomwa. Zisipokaa, au kukiwa na kizuizi, jeni hubaki gizani.

Hapo ndipo kirusi hiki kinapoonyesha ujanja wake. Kina protini ndogo iitwayo NSs, nayo huingia hadi ndani ya kiini cha seli. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa, wakiwemo wa Taasisi ya Pasteur, walionyesha kwamba NSs hukamata kipande kimoja cha TFIIH, mtambo wa protini 10 ambao seli huutegemea kuanza kusoma jeni zake. Kipande hicho hufungiwa katika nyuzi ambazo NSs huzifuma. Mtambo mpya hauwezi kuundwa, na seli nzima huanza kunyamaza.

Mwaka 2008 wakagundua jambo jingine. Katika saa za mwanzo, kabla ya kimya hicho kuenea, NSs hushirikiana na protini ya seli yenyewe, SAP30, kuikalia promota ya intaferoni na kuizuia isiwashwe. Kumbe mwizi huanza kwa kumziba mdomo mpiga mbiu! Kirusi chenyewe hakidhuriki, kwa sababu huzaana nje ya kiini, kwa mtambo wake mwenyewe.

Utauliza, msomaji, tunajuaje kwamba NSs ndiyo mkosaji? Kuna aina moja ya kirusi hiki, Clone 13, iliyotokana na mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1974. Sehemu kubwa ya jeni yake ya NSs imepotea. Katika maabara, panya wa kawaida huishinda, kwa kuwa mbiu hulia mapema. Udhaifu huo umegeuzwa kuwa faida: Clone 13 imekuwa chanjo ya mifugo Afrika Kusini.

Kwa bahati nzuri, wengi wanaoambukizwa hupata homa nyepesi na kupona. Lakini wachache hutokwa damu, na karibu nusu ya hao hufariki. Hakuna dawa maalumu ya kukiua kirusi hiki.

Basi mama mwenye jiko, na wewe mwanafunzi unayekwenda nyumbani likizo, usichinje mnyama mgonjwa wala aliyetoa mimba, hata kama roho inauma kupoteza mali. Usiguse damu yake kwa mikono mitupu. Chemsha maziwa, ivisha nyama vizuri, lala ndani ya chandarua. Na mvua zikizidi, mifugo ikaanza kutoa mimba, usingoje: mwarifu daktari wa mifugo.

Kirusi hiki kinaweza kuizima mbiu ya ndani ya mwili. Mbiu ya nje i mikononi mwetu. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.