Si Ungesomea Uuguzi?

Mwambie shangazi yako kule Wote kwamba unaenda ng'ambo kusomea anthropolojia. “Si ungesomea uuguzi tu?” Tucheke, sawa. Lakini mwaka wa 1916 Mswidi mmoja, Gerhard Lindblom, alichapisha kule Uppsala tasnifu yake ya udaktari kuhusu sisi Wakamba: ndoa, mathembo, viapo vya kithitu. Baadaye akawa mkuu wa makumbusho ya etnografia Stockholm. Wazee waliomjibu maswali walipata nini? Leo kijana wa Kitui akitaka kujua babu zake waliapa vipi, anamfungua Lindblom. Halafu tunamwambia kozi haina kazi! Aende. Ila akirudi, kituo cha kwanza kiwe kwa nyanya yake Mutomo. Lindblom alijifunza Kikamba. Wewe wa Nairobi, chako bado kipo?