TAMKO LA TAWI: RUZUKU YA GESI NI FEDHA YETU, MGAO UWE WAZI

Ndugu wanachama,

Tunaambiwa tushukuru kwa mitungi ya gesi ya ruzuku. Kabla ya kushukuru, soma risiti yako ya LUKU. Kila ukinunua umeme, asilimia 3 inakatwa kwenda Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Kwenye kila lita ya petroli na dizeli nako kuna ada inayoingia Mfuko wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Mvuvi wa Mlingotini anayetia petroli kwenye mashine ya boti ameshachangia. Ruzuku hii si zawadi ya mtu.

*Mgao ulivyopangwa*
REA ilipanga mitungi 452,445 ya kilo 6 kwa punguzo la asilimia 50, kila wilaya 3,255. Hesabu hiyo ni rahisi kwa anayegawa, lakini si haki. Wilaya ya Bagamoyo ina halmashauri mbili, Bagamoyo na Chalinze. Mafia, yenye watu wachache mno kuliko sisi, inapata idadi ileile. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Mafia. Tunasema mgao ufuate idadi ya kaya.

Sharti la NIDA hatulipingi, maana linamzuia mtu mmoja kubeba mitungi mitano. Lakini halimsaidii aliyepata habari mauzo yameshakwisha.

*Tunadai:*
1. Mgao wa kila kata, bei, siku na mahali pa kuuzia vibandikwe ofisi za vijiji na vitongoji siku 14 kabla.
2. Baada ya mauzo, hesabu ya kila kata itangazwe.
3. Malalamiko yasikilizwe na chombo kingine, si anayegawa wala anayeuza.
4. Ruzuku isiishie kwenye mtungi wa kwanza. Mkaanga samaki akishindwa kuujaza, atarudi kwenye kuni, na mikoko yetu itaendelea kukatwa.

Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo tunaliunga mkono. Halitafikiwa ikiwa mwananchi hajui fungu lake ni lipi.

*Kazi yetu:* Kila shina lihesabu kaya zinazopikia kuni na mkaa. Orodha zimfikie Katibu wa Tawi kabla ya kikao kijacho. Tutazipeleka ofisi ya kata kwa barua, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kamati ya Utendaji ya Tawi
Bagamoyo